Kontena la kahawa: litokee Bukavu au Kamembe? Hesabu ya ushirika mmoja wa Kalehe

Msimu wa 2024 ulipokuwa ukielekea ukingoni, ushirika mmoja wa Kalehe, Kivu Kusini, ulikuwa na kahawa safi (iliyokobolewa, bado haijakaangwa) ya kujaza kontena moja la futi 20: magunia 320 ya kilo 60, yaani tani 19.2. Mnunuzi alikuwa Ulaya na mkataba ulishasainiwa. Hata hivyo kamati iligawanyika. Wengine walitaka kahawa itoke Bukavu na makaratasi yote ya Kongo. Wengine walitaka iuzwe kwa msafirishaji wa ng'ambo, mji wa Kamembe nchini Rwanda, aitoe yeye kwa jina la Rwanda, na yule mnunuzi wa Ulaya aombwe radhi.

Silaha ya kundi la pili ilikuwa karatasi moja. Kijana wa kamati alikuwa ameichapa mjini akaiweka mezani: namba za Doing Business 2020, ripoti ya Benki ya Dunia iliyopima urahisi wa kufanya biashara katika kila nchi, safu ya Kongo na safu ya Rwanda zikiwa bega kwa bega. Kutoa bidhaa Kongo: dola 2,223 za taratibu za mpakani, dola 500 za makaratasi. Rwanda: dola 183 na dola 110. Muda wa Kongo: saa 296 mpakani na saa 192 za makaratasi. Rwanda: saa 83 na saa 30. "Papa Prezida, hii si siasa, ni hesabu," akasema. Prezida wa ushirika, mzee ambaye hasemi haraka, akanitumia karatasi ile na swali moja: hesabu hii inatuhusu?

Kabla sijaendelea, niweke wazi kwamba yote yanayofuata ni ya kabla ya Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 na benki za mji kufungwa. Sehemu inayozungumzia benki isomwe hivyo.

Nianze na kile ambacho karatasi inasema kweli. Jumlisha safu ya Kongo: dola 2,723. Jumlisha ya Rwanda: dola 293. Tofauti ni dola 2,430. Igawanye kwa kilo 19,200 unapata kama senti 12.7 za dola kwa kila kilo. Kwa mkulima wa Kalehe senti 12 si kitu cha kudharau, na kijana hakuwa mjinga kuzishika. Muda nao: saa 488 dhidi ya 113, tofauti ya saa 375, siku 15 na nusu hivi.

Lakini namba hizo zilipimwa wapi? Doing Business ilichukua mji mmoja wa kila nchi, ule mkubwa kibiashara. Nchi 11 tu zenye watu zaidi ya milioni 100 zilipimwa miji miwili, na wakati huo Kongo haikuwa kati yao. Kwa hiyo safu ya Kongo ni Kinshasa. Mzigo wa Kinshasa unaangalia bandari ya Matadi na Bahari ya Atlantiki. Wetu unaangalia mashariki, Mombasa au Dar es Salaam, na hauoni hata siku moja geti ambalo namba zile zimetoka. Tena bidhaa iliyopimwa ni ile inayoongoza kwa thamani ya mauzo ya nje ya nchi husika, na ya Kongo, kila mtu anajua, si kahawa. Kuichukua safu hiyo na kuiweka Ruzizi, mto wa mpaka wetu na Rwanda, ni kupima mguu wa mtu mwingine na kununua kiatu chako.

Kuna jambo la pili ambalo mjadala wa kamati ulilipita kabisa, na kwangu lilikuwa zito kuliko la kwanza. Kanuni za ripoti ile zilisema malipo yasiyo na risiti hayahesabiwi. Anayejua barabara zetu ataelewa maana yake. Dola 2,723 ni zile zinazoonekana. Ikiwa safu ya Kongo imekosea, haikosei kwa upande mmoja tu: taratibu za Bukavu zinaweza kuwa rahisi kuliko za Kinshasa, ila makuta (hela) yasiyo na karatasi hayamo kwenye jedwali hata kidogo, si ya Kinshasa wala ya kwetu.

(Wapo watakaosema ripoti yenyewe ilifutwa. Ni kweli, Benki ya Dunia iliisitisha Septemba 2021 baada ya kugundulika kasoro katika takwimu za matoleo ya 2018 na 2020. Nchi zilizotajwa zilikuwa China, Saudi Arabia, Falme za Kiarabu na Azerbaijan. Kongo na Rwanda hazikutajwa. Sikuitumia hoja hiyo kuitupa karatasi ya kijana, maana pengo la mara tisa haliletwi na kasoro ya takwimu.)

Basi tukaiacha karatasi pembeni, tukaufuata mzigo wetu hatua kwa hatua.

Usafiri niliumaliza haraka. Kontena la Bukavu na kontena la Kamembe yanapita barabara ile ile: msitu wa Nyungwe, Kigali, kisha ama mpaka wa Rusumo kuelekea Dar es Salaam ama Uganda kuelekea Mombasa. Tofauti ni ule mwendo mfupi wa kuvuka Ruzizi na bei ambayo mwenye lori anaongeza kwa sababu gari lake linaingia Kongo na hajui litatoka lini. Hiyo nyongeza inatokana na kusubiri, kwa hiyo nikaihamishia kwenye hesabu ya kusubiri.

Makaratasi ndiyo yaliyotuchukua muda. Kwa upande wa Kongo, mzigo wa kahawa unaanzia benki: tamko la kusafirisha bidhaa, lile la modeli EB, linalosajiliwa kwenye benki ya biashara ili Benki Kuu ijue kwamba fedha za mauzo zitarudi nchini. Halafu ONAPAC, ambayo zamani ilikuwa Ofisi ya Kahawa, inachukua sampuli, inapanga daraja, inaonja, inatoa cheti cha ubora na cheti cha asili cha Shirika la Kimataifa la Kahawa. Kisha OCC, ofisi ya Kongo ya udhibiti wa bidhaa, kwa ukaguzi. Kisha cheti cha afya ya mimea kutoka idara ya karantini. Kuna karatasi ya OGEFREM, ofisi ya serikali ya mizigo, kwa ajili ya usafirishaji. Mwisho tamko la forodha kwenye Sydonia, mfumo wa kompyuta wa DGDA, idara ya forodha ya Kongo. Upande wa Rwanda orodha haitofautiani sana kwa majina: NAEB, bodi ya Rwanda ya mauzo ya mazao nje, inakagua ubora, kuna cheti cha afya ya mimea, kuna tamko la forodha. Tofauti ni kwamba tangu 2012 Rwanda ina dirisha moja la kielektroniki linalounganisha ofisi hizo, na mtu anaweza kufuata faili yake akiwa ameketi. Kongo nayo ina guichet unique (dirisha moja) yake, ila faili yetu bado ilitembea kwa miguu ya deklaran, wakala wetu wa forodha, kutoka meza hadi meza, na kila meza ilitaka kuona mhuri wa meza iliyotangulia.

Hapo ndipo tulipopata cha kujifunza. Mhasibu wa ushirika, mama mmoja makini sana, alikuwa na daftari la mistari alilolichora safu nne: tarehe, ofisi, kiasi chenye risiti, kiasi kisicho na risiti. Hakuna mtu aliyemwagiza. Nililisoma lote. Ada zenyewe, zile za safu ya tatu, hazikunishtua. Kilichonishtua ni safu ya tarehe. Faili ilikaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote kati ya benki na forodha, na sababu yake ilikuwa ndogo mno: EB iliandikwa kilo 19,200, uzito wa kahawa tupu, na rasimu ya tamko la forodha ikaandikwa uzito wa kahawa pamoja na magunia. Gunia la juti tupu lina uzito usiofika kilo moja. Zidisha kwa 320, unapata tofauti ya kilo mia mbili na ushei. Kwa ofisa anayelinganisha karatasi mbili, hiyo ni kahawa isiyotangazwa. Faili ikarudi benki kupata maelezo, benki ikataka barua ya ushirika, barua ikahitaji saini ya prezida, na prezida yuko Kalehe, si Bukavu.

Kilo mia mbili za magunia matupu zilikula siku ambazo jedwali la Benki ya Dunia lingeziandika kama "gharama ya kufanya biashara Kongo". Sehemu ni kweli ni Kongo: Rwanda mfumo ungeikamata tofauti hiyo siku ile ile. Sehemu ni deklaran ambaye hakusoma karatasi mbili zikiwa pamoja.

Safu ya nne ya daftari, ile isiyo na risiti, ilikuwa na mistari mingi na kila mstari ulikuwa mdogo. Amri ya Machi 2002, namba 036, inaruhusu huduma nne tu mpakani: forodha, OCC, uhamiaji na afya. Daftari la mama lilikuwa na majina zaidi ya manne. Sitayataja, maana mengine sikuweza kuthibitisha kama ni ofisi au ni mtu mwenye daftari lake. Nilipomuuliza kwa nini alilipa bila kudai karatasi, alinijibu, "Ndugu yangu, lori likilala hapo usiku mmoja, nalipa zaidi ya hapo."

Jibu lake lilinifanya nipige hesabu ya kusubiri kwa namba. Tuchukue kahawa yetu kwa dola 2.50 kwa ratili, ile ratili ya gramu 454 ambayo soko la New York linaitumia. Kilo 19,200 ni ratili 42,329. Thamani ya kontena: kama dola 105,800. Tuseme fedha za kununulia kahawa kwa wakulima zilikopwa kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Kila siku kontena linapolala ni dola 52 za riba peke yake. Siku 15 na nusu za tofauti, kama karatasi ya kijana ingekuwa sahihi kwetu, zinafika dola 815 hivi. Ongeza kwenye zile dola 2,430: jumla dola 3,245. Hiyo ndiyo bei kamili ya "kuwa Kongo" kwa kontena moja, nikikubali kila namba ya jedwali bila kubishana nayo. Sijaweka humo hatari ya unyevu, na si ndogo: kahawa safi inataka ikae kati ya asilimia 10 na 12, na ukichelewa hadi Septemba mvua za Bukavu zinaikuta ghalani.

Sasa tuvuke ng'ambo. Kundi la pili lilidhani kwamba ukiuza Kamembe unaokoa zile dola 3,245. Nani anaokoa? Anayetoa bidhaa nje ndiye anayelipa dola 293 badala ya 2,723. Na huyo ni msafirishaji wa Kamembe, si ushirika wa Kalehe. Ushirika unapokea bei ya mezani ya siku hiyo, na bei hiyo inapangwa na mtu anayejua kwamba umeshavuka na gari, kwamba hutarudi nayo, na kwamba kahawa yako haina karatasi ya kuingilia Rwanda kama kahawa ya Kongo. Kama kuna wanunuzi wengi wanaogombania, sehemu ya akiba itakufikia. Kama yuko mmoja, inabaki kwake yote. Karatasi ya kijana ililinganisha gharama za wasafirishaji wawili, wakati uamuzi wa kamati ulikuwa wa kuacha kuwa msafirishaji.

Halafu kuna kinachopotea njiani. Mkataba wa Ulaya ulikuwa wa Fairtrade, cheti cha biashara ya haki kwa wakulima. Tangu Agosti 2023 bei ya chini ya Fairtrade kwa arabika iliyooshwa ilikuwa dola 1.80 kwa ratili, na juu ya bei ya kahawa mnunuzi alilipa senti 20 kwa ratili zilizokwenda kwa ushirika wenyewe. Bei ya chini haikutusaidia chochote mwaka ule kwa kuwa soko lilikuwa juu yake. Zile senti 20 zilitusaidia. Zidisha kwa ratili 42,329: dola 8,466 kwa kontena. Fedha hizo zinafuata cheti, na cheti kinafuata ushirika uliozalisha. Kahawa ikigeuka ya Rwanda katikati ya Ruzizi, senti hizo zinazama. Hata ramani za mashamba, ambazo sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 dhidi ya ukataji misitu inazitaka, hazina kazi tena, kwa kuwa shamba la Kalehe haliwezi kuonekana kwenye faili ya kahawa ya Rwanda. Utekelezaji wa sheria hiyo umeahirishwa, ila wanunuzi walishaanza kuulizia.

Toa dola 3,245 kutoka dola 8,466. Zinabaki dola 5,221 upande wa Bukavu. Ili hesabu igeuke, malipo yasiyo na risiti yangelazimika kufika kiasi hicho kwa kontena moja. Nilijumlisha safu ya nne ya mama mara mbili, mbele yake. Haikufika robo.

Kijana alinipinga hapo, na alinipinga vizuri. "Mkubwa, hizo senti 20 zinakuja lini? Mkulima anakula leo." Ana haki. Mkulima wa Kalehe au wa kisiwa cha Idjwi halinganishi Kongo na Rwanda. Analinganisha fedha mkononi jioni hii na ahadi ya ushirika. Ndiyo maana kwa miaka mingi kahawa ya kandokando ya Ziwa Kivu ilivushwa usiku kwa mitumbwi, na wanaume wengi wa pwani hiyo hawakurudi, wakaacha wajane ambao leo ndio wenye mashamba. Vyama kama SOPACDI ya Minova, iliyoanzishwa 2003, vilizaliwa katika hali hiyo, ili kahawa ipate njia ya mchana. Mfanyabiashara wa mtumbwi hana gharama ya kusubiri kwa sababu mkulima hamsubiri. Ushirika ukilipa nusu wakati wa kupokea matunda na nusu baada ya meli kuondoka, zile siku 15 zinalala kwenye nyumba ya mkulima, si kwenye vitabu vya ushirika, na hazionekani kwenye jedwali lolote.

Kwa hiyo nilichopendekeza hakikuhusu mpaka sana. Nilisema kontena litoke Bukavu, na fedha zitafutwe kwa mnunuzi kabla ya mavuno, mkataba wenyewe ukiwa dhamana, ili malipo ya kwanza kwa mkulima yapande. Nilisema pia ONAPAC iitwe kuchukua sampuli mara kahawa inapokobolewa, bila kungoja magunia yote 320 yajae, na deklaran asilipwe sehemu ya mwisho ya ujira wake mpaka EB, orodha ya magunia na tamko la forodha zionekane mezani pamoja zikiwa na uzito wa aina moja. Mzee prezida alikubali la mwisho kwa haraka kuliko yote. Aliweka saini tatu kwenye karatasi tupu zenye kichwa cha ushirika, akamwachia mama wa daftari Bukavu, jambo ambalo mwanasheria angelipigia kelele, lakini lilifupisha barabara ya Kalehe.

Kontena liliondoka kwa jina la Kongo. Lilivuka likiwa na dhamana ya mpito na kufuli la forodha, kwa kuwa Rwanda kwa mzigo huo ni njia tu. Deklaran wa upande wa pili alimaliza kazi yake siku hiyo hiyo. Mama aliandika na hiyo pia kwenye daftari.

Ningeupa ushirika mwingine ushauri huo huo? Si lazima. Chukua zile dola 3,245 uzigawe kwa ratili 42,329: senti 7.7. Kahawa yoyote inayopata nyongeza ya zaidi ya senti 7.7 kwa ratili kwa sababu ya cheti, ladha au jina la mahali ilikotoka, inalipa kutoka Bukavu hata kwa gharama za Kinshasa. Iliyo chini ya hapo hailipi, na iliyo chini ya hapo ni nyingi: kahawa iliyomenywa nyumbani kwa jiwe, ikaanikwa kwenye turubai kando ya njia, isiyo na cheti wala mnunuzi anayeijua. Hiyo ndiyo inayovuka, na ushirika wetu ulipokea tani kadhaa za namna hiyo mwaka ule ule. Kamati iliziuza Bukavu kwa mfanyabiashara, kwa fedha taslimu, na haikumuuliza anazipeleka wapi.